Chai ya Kutema

Shangazi yangu ameonja chai miaka ishirini na saba, na sidhani kama amemeza ndoo moja. Hiyo ndiyo kazi yake kiwandani. Anaivuta kwa kijiko, anaizungusha mdomoni, anaitema, kisha anasema neno moja, na neno hilo halikatiwi rufaa. Kazini wanamwita Bi Ulimi. Sisi nyumbani tunamwita Shangazi tu, ingawa ulimi wake tunauogopa kwa kuonja na kwa kusema.

Hakuzaliwa na lile koti jeupe. Alianzia chumba cha kuchambua majani, msichana wa miaka kumi na tisa, akikaa kwenye benchi na wenzake kumi kutwa nzima wakitoa vijiti na nyuzi za magunia. Siku moja wakaletewa chai ya saa nne. Wenzake wakanywa. Yeye akaonja, akaweka kikombe chini, akasema, "Hii imelala na rangi." Walimcheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Lakini mwonjaji mkuu wa wakati ule, mtu mkavu asiyependa kuzungumza na yeyote, alikuwa anapita mlangoni. Akaenda stoo mwenyewe, akahamisha magunia, na nyuma yake akakuta kopo la rangi ya mlango, mfuniko umelegea. Kesho yake Shangazi akahamishiwa chumba cha kuonjea, na hajatoka tena.

Chumba chenyewe nimekiona mara nyingi. Kuna meza ndefu ya vigae vyeupe chini ya dirisha, vikombe vyeupe arobaini vyenye vifuniko, mizani ndogo ya kupimia majani, birika linalochemka bila kupumzika, na saa inayolia kila dakika sita. Maji yanamiminwa yakiwa yanatokota, chai inakaa humo dakika sita kamili, ndipo inamiminwa kwenye bakuli. Halafu Shangazi anapita mstari mzima, "Fyoo!", anatema, "Changa." "Fyoo!", anatema, "Imeungua." Pipa la kutemea lina magurudumu, analisukuma kwa goti bila kulitazama. Ana shabaha huyo mwanamke. Nilipokuwa mdogo nilijaribu shabaha hiyo sebuleni kwetu kwa maji ya kunywa, nikachapwa.

Kwa ajili ya ulimi huo, tangu Jumatatu hadi Ijumaa hagusi pilipili, hagusi kitunguu kibichi, hapaki manukato, na ukienda kumsalimia umejipulizia marashi atakuitikia "marahaba" akiwa ng'ambo ya chumba. Wako wanaosema mumewe alimpata kwa kuoga sabuni isiyo na harufu miezi minane mfululizo. Mume mwenyewe ukimuuliza anatabasamu tu, hakanushi.

Kwenye ukoo wetu ulimi huo ni mahakama. Maziwa yakitiliwa shaka, anaitwa. Mafuta ya kupikia yakiwa na harufu, anaitwa. Mwaka mmoja alikunywa maji kwetu akasema tangi lina maiti. Baba yangu, Mungu amrehemu, alipanda juu ya tangi huku akimtukana dada yake kwa kumharibia Jumapili, akashuka kimya na mjusi juu ya koleo. Tangu siku hiyo, Shangazi akishasema jambo, kwetu kesi imefungwa. Hapo ndipo balaa yenyewe ilipopata pa kupenyea.

Sasa nimlete mama. Mama na Shangazi ni mawifi, na wifi ni wifi. Kwa miaka thelathini hawajawahi kukaa meza moja bila kuchokozana. Shangazi humwambia mama kwamba kaka yake aliolewa, hakuoa. Mama humwambia Shangazi kwamba mtu anayelipwa kwa kutema mate asijione bwana mkubwa. Shangazi asipokuja wiki moja, mama anaanza kuuliza, "Yule wifi yangu mkorofi yuko wapi?" na macho yake yako njiani.

Mama alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya ardhi mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kunakili, na alinakili bila kubadili hata nukta. Siku moja bosi wake aliandika "kusini" mahali pa "kaskazini" kwenye hati ya shamba, na mama akaipiga vilevile. Alipoulizwa kwa nini hakusahihisha, alijibu kwamba yeye ameajiriwa kupiga chapa, si kupima mashamba. Ukimpa mama maelekezo atayafuata yote, hata yaliyokosewa. Naomba mlikumbuke hilo.

Mwaka jana mama alipata uvimbe kwenye titi. Ulikuwa saratani. Sitaki kuzunguka maneno, kwa sababu tulizunguka sana wakati ule na haikutusaidia. Wakamfanyia upasuaji, wakautoa, na daktari akasema umetoka wote kwa macho. Lakini palipobaki huenda kuna mbegu ambazo jicho halizioni, kwa hiyo apigwe mionzi mara ishirini, kila siku ya kazi, bila kuruka. Akimaliza hizo ishirini, nafasi yake ya kupona ni nzuri. Akiziacha njiani, hakuna anayejua. Mama akaitikia kwa kichwa. Wiki ya kwanza alienda siku zote tano.

Wiki hiyohiyo kiwanda kilianza kutengeneza chai ya kijani. Kumbe majani ni yaleyale ya kichaka kilekile. Tofauti ni kwamba hayaachwi yakageuka rangi, yakichumwa tu yanapigwa mvuke na kukaushwa. Shangazi alikuwa amelewa furaha kama bibi harusi. Jumapili akaja kwetu kula chakula cha mchana na pakiti mkononi, na kipeperushi kilichochapishwa na watu wa mauzo, chenye picha ya jani na maandishi makubwa: HUPAMBANA NA SARATANI.

"Soma hapa, wifi," akasema, akamsogezea.

Mama akavaa miwani. "Nani kasema?"

"Wataalamu."

"Siwajui hao. Mimi nakuuliza wewe. Wewe umeionja?"

"Mwezi mzima. Laini, safi, haina doa. Wifi, chai hii ni dawa. Naapa kwa ulimi wangu."

Mimi nilikuwa naosha vyombo pale pale. Ningejua yanayokuja ningevunja sahani mbili tatu ili mazungumzo yakatike.

Jumatatu mama alienda kwenye mionzi, jioni akafungua pakiti. Sikuona ubaya. Mimi nashona sare za shule, natoka nyumbani saa moja na nusu asubuhi, narudi jua limezama, na msimu wa kufungua shule ulikuwa umekaribia. Kila jioni namuuliza, "Mama, hospitali vipi?" Ananijibu, "Foleni ndefu." Mimi nalaani foleni, tunakula, tunalala. Baada ya siku sita akaniagiza pakiti nyingine. Baada ya sita nyingine, akaniagiza ya tatu. Ijumaa ile nikapitia kiwandani asubuhi kabla ya kufungua duka langu la kushonea.

"Shikamoo Shangazi. Mama anaomba pakiti."

"Marahaba. Nyingine?" Akashusha kijiko. "Ile ya juzi imeisha? Mwanangu, kwenu mnaoga chai?"

"Mimi siinywi. Inanuka majani."

"Usitukane kazi yangu." Akaanza kuhesabu kwa vidole. Watu wa kuonja wanapima majani kwa gramu hata ndotoni. "Pakiti moja ni gramu mia. Mtu wa kawaida inamchukua mwezi. Mbili kwa siku kumi na mbili, hivyo ni vikombe saba kila siku ya Mungu. Na mama yako yuko hospitali tangu saa mbili mpaka saa saba. Anavinywa saa ngapi? Kwenye foleni?"

Nikageukia mlango. Yeye alikuwa ameshavua koti.

Tulipofika nyumbani ilikuwa saa nne kasoro. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Tukiwa ukumbini tukasikia kutoka ndani: "Fyooo!"

Shangazi akanishika mkono. "Nani anaonja chai kwenu?"

Nikasukuma mlango. Juu ya meza yetu ya chakula palikuwa na shuka jeupe, na juu ya shuka vikombe saba vimepangwa mstari mmoja, kila kimoja kimefunikwa kisahani. Kulikuwa na mizani ya jikoni, saa ya kupikia mayai, na birika likitoa mvuke. Nyuma ya yote hayo alisimama mama, miwani puani, kijiko mkononi, kanyooka kama askari. Siku ya wageni alitembelea kile kiwanda, miezi mingi nyuma, na alichokiona kwenye chumba cha kuonjea alikinakili nukta kwa nukta: majani yamepimwa, maji yanatokota, dakika sita kamili.

Shangazi aliisogelea ile meza. Alichukua kijiko, akachota kikombe cha karibu, akavuta. Uso ukamkunjamana wote. Akatazama kulia, akatazama kushoto, pipa lake halipo, akakimbilia jikoni na nikamsikia akitema kwenye sinki kwa nguvu zake zote.

"Wifi!" akapiga kelele kutoka huko. "Hii ni chai ya kutema!"

"Ya nini?"

"Ya kutema! Tunaipika hivi ili itoe aibu zake zote! Tunaitesa! Hainywewi, wifi, hakuna binadamu aliyewahi kuimeza!"

"Mimi nimeimeza," mama akasema kwa utulivu. "Siku kumi na mbili."

Nilicheka. Mungu anisamehe, moyo ulikuwa umenipasuka kwa hofu na bado nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Na ya moto hivi?" Shangazi akarudi akifuta mdomo. "Haikuunguzi koo?"

"Inaniunguza. Na uchungu wake mbaya. Nikasema, dawa gani ina utamu?"

Kicheko changu kikaisha chenyewe, kwa sababu Shangazi alikuwa ameona kadi ya hospitali imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Aliichukua. Palikuwa na mihuri sita. Sita tu, na baada yake visanduku vyeupe vitupu. Hospitali walikuwa wamepiga simu mara tatu, na mara zote mama alipokea mwenyewe akawaambia yuko safarini.

Mimi si mtu wa kuvumilia. Nilifungua mdomo nianze kugomba, na nilikuwa na mengi. Shangazi akaninyamazisha kwa jicho.

"Siku tisa za kazi, wifi," akasema. "Kwa nini?"

"Wewe ndiye uliyeapa." Mama hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. "Ulisema ni dawa. Ulisema kwa ulimi wako. Lini ulimi wako umekosea? Kaka yako alipanda kwenye tangi. Kopo la rangi lilionekana. Nikajiuliza, kama dawa iko mezani kwangu, na ameionja wifi yangu mwenyewe, kule naendea nini?"

Shangazi akakaa. Nimemjua maisha yangu yote na sijawahi kumwona akitafuta neno. Kazi yake ni kuyatoa maneno moja moja kama anayekata tiketi. Alikaa pale akigeuza kijiko, mpaka saa ya mayai ikalia na hakuna aliyeizima.

"Wifi, nisikilize," akasema. "Ulimi wangu unajua moshi. Unajua ukungu, unajua rangi, unajua kama mvua ilinyesha siku ya kuchuma. Saratani sijawahi kuionja. Siijui ladha yake. Siku ile nilisoma kikaratasi cha watu wa mauzo nikakipenda, nikaapia kitu ambacho hakikuwemo kwenye kikombe. Mwonjaji akifanya hivyo kazini anafukuzwa."

"Heri kujikwaa dole," mama akasema.

"Kuliko kujikwaa ulimi. Najua. Nimejikwaa, na nimekuangusha wewe."

Mama akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shuka, akaichelewesha makusudi. "Usijibebeshe yote," akasema mwisho. "Si chai peke yake. Kile chumba. Wanakulaza, wanakuchora kalamu kama kitambaa cha huyu mwanangu, halafu wote wanatoka haraka wanafunga mlango mnene. Unabaki wewe na ile mashine inakuzunguka. Nikawa najiuliza, mbona wao wanakimbia? Siku ya sita nililia pale kitandani na hakuna aliyejua. Hapa mezani kwangu, kila nikivuta kijiko, nasikia vile unavyovuta wewe. Naona kama uko hapa na mimi."

Shangazi alilia kwa sauti, bila aibu, kama anavyofanya kila kitu. "Mjinga mkubwa we!" akasema katikati ya machozi. "Nakaa mtaa wa pili! Badala ya kuniita mimi ukaita chai!"

"Wewe una kelele. Chai haina."

Basi wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikaenda kuzima ile saa, maana ilikuwa bado inalia.

Jumatatu tulikuwa watatu mbele ya daktari. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, na kwanza alitugombeza ipasavyo. Siku tisa zimepotea, akasema, na mionzi haipendi kukatizwa. Atapanga upya zile siku kumi na nne zilizobaki na kuongeza moja ya kufidia, zitakuwa kumi na tano, na asisikie habari ya safari tena. Mama akaitikia. Ndipo Shangazi akatoa kile kipeperushi mkobani, akakiweka mezani.

"Daktari, nataka unieleze. Chai hii ni dawa au si dawa? Sema neno moja."

Daktari akakisoma, akatikisa kichwa. "Siwezi kusema neno moja, mama. Ukweli wake haujafika neno moja." Akaeleza polepole, na mama akawa anaandika. Ndani ya majani hayo kuna vitu ambavyo kwenye maabara vimeonekana vikizuia seli za saratani zisikue. Lakini hiyo ni kwenye maabara. Kwa binadamu tafiti zinagongana: nyingine zinaona huenda wanaokunywa wanapungukiwa hatari kidogo kwa saratani fulani, nyingine hazioni tofauti yoyote. Hakuna iliyoonyesha kwamba chai inaweza kukaa mahali pa mionzi.

"Kwa hiyo niiache?" mama akauliza.

"Wewe kwa matibabu yako, vikombe viwili vitatu vyepesi sikukatazi. Iache ipoe kidogo, vinywaji vya moto sana vya kuunguza koo navyo vinahusishwa na saratani ya koo la chakula. Vile vidonge vyake vilivyokolezwa wanavyouza, usiviguse, vimewahi kuumiza ini za watu. Na kila unachotumia niambie, maana dawa nyingine hazipatani nayo. Kunywa kwa sababu unaipenda. Hapa uje kwa sababu unaumwa."

Mama aliandika hayo yote, na neno "unaipenda" akalipigia mstari. Shangazi alipotoka nje alisema, "Huyu anajua kazi. Hakusema kisichokuwemo." Kwa Shangazi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Siku hiyohiyo mchana aliingia ofisini kwa bosi wake, akamwambia aondoe yale maandishi makubwa la sivyo atafute ulimi mwingine. Bosi akauliza waandike nini badala yake. "Andika ni laini na safi," akasema. "Hilo nimelionja." Na ndivyo kilivyo kipeperushi mpaka leo. Akaomba pia meza yake ya kuonja iwe inapangwa saa tano badala ya saa mbili, kwa wiki tatu. Kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kuomba hata ruhusa ya jino, kwa hiyo bosi alikubali kabla hajamaliza sentensi.

Asubuhi ya kwanza, fundi wa mionzi, mwanamume mnene mwenye sauti ndogo, alimweleza Shangazi kwamba chumbani haingii mtu mwingine. Si kwamba tunakimbia, mama yangu, akamwambia mama, ni kwamba sisi tunakaa karibu na mionzi hii kila siku ya maisha yetu, na wewe siku kumi na tano tu. Mama akasema kama wangemwambia hivyo mapema asingeudhika. Lakini miguu yake ilikuwa inatetemeka, tulikuwa tunaiona sote.

Shangazi alikuwa ameona kitu kwenye meza ya fundi, nje ya ule mlango mnene. "Hicho ni nini?"

"Kipaza sauti. Cha kuzungumza na mgonjwa."

"Na yeye akisema unamsikia?"

"Namsikia. Na kumwona kwenye kioo hiki."

"Basi nisogezee kiti."

Utaratibu haukuruhusu. Lakini sijawahi kukutana na utaratibu uliomshinda Shangazi. Mama akaridhia, fundi akapiga simu kwa daktari, daktari akacheka, na kiti kikapatikana. Mlango ulipofungwa, Shangazi akabonyeza kitufe na kusema, "Wifi, umelala kama gunia lililodondoka kwenye gari." Kitanda kikatikisika kwa kicheko na fundi ikabidi aingie kumpanga mama upya. Akatoka ametoka jasho. "Mama mkubwa," akasema, "mgonjwa hatakiwi kusogea hata unywele. Ukimchekesha nakutoa."

Ndipo Shangazi akabuni njia. Kila asubuhi alimwonjea mama chai kwa maneno, polepole, sauti ya chini, chai za jana moja baada ya nyingine. Hii ni ya bondeni, wifi, imechumwa na umande, inakuja mbele ya ulimi halafu inarudi nyuma taratibu kama mgeni mwenye adabu. Hii nyingine ameikausha mtu aliyegombana na mkewe. Mama analala macho yamefumbwa, haongei, hasogei, mashine inamzunguka, na dakika zinakwisha. Siku ya nne miguu haikutetemeka tena. Siku ya saba fundi alianza kuuliza ile ya bondeni inapatikana wapi. Siku ya kumi wagonjwa kwenye foleni walikuwa wanalalamika kwa nini wao hawaonjewi, na Shangazi akamchangamkia kila mmoja pale benchi mpaka muuguzi akamwomba apunguze sauti.

Nyumbani, vile vikombe saba vilirudi kabatini. Jioni mama anajitengenezea kimoja, maji yaliyotulia, dakika mbili, majani kiduchu. Siku alipokunywa cha kwanza cha namna hiyo alikitazama kikombe, akanywa tena, akaniambia kwa hasira, "Kumbe ni tamu! Na nimeteseka siku kumi na mbili!"

Mpaka leo amepimwa mara tatu, na mara zote tatu daktari amemwambia hajaona kitu, arudi tena kwa tarehe yake. Hatujui mbele, hakuna ajuaye. Ila mimi nikiikumbuka habari hii nairudia ile siku ya kumi na tano.

Siku hiyo nilifunga duka nikaenda nao. Shangazi alikuwa amejiandaa. Usiku mzima, mumewe alituambia, alikuwa anapanga chai gani aimalizie. Mama akaingia, akalala, akainua mkono juu ya kichwa kama anavyotakiwa. Mlango ukafungwa. Fundi akaweka kidole karibu na kitufe cha kuwasha, akamwashiria Shangazi aanze.

Shangazi akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti. Hakuna kilichotoka. Akajaribu tena. Midomo inacheza, sauti hakuna, na machozi yanashuka mpaka kwenye kola ya blauzi yake.

"Wifi, upo?" sauti ya mama ikatoka kwenye spika.

"Nipo."

"Mbona kimya?"

"Sina la kusema."

Kisha mama akasema, "Fundi, tafadhali, andika tarehe ya leo."

Na akaanza kucheka. Alianza taratibu, akijizuia, tukamwona kwenye kioo akibana midomo. Halafu mkono ukashuka, mabega yakapanda, na kicheko kikajaa kwenye spika mpaka kikaanza kukwaruza. Fundi akaondoa kidole kwenye kitufe. "Siwezi kuwasha hivi," akasema, na yeye mwenyewe anatafuta leso.

"Usiwashe," Shangazi akasema. "Mwache."

Mashine ikasimama. Foleni ikasimama. Sote watatu tukakaa nje ya ule mlango mnene, tukimsubiri mama amalize kucheka.